Mti Ulionasa Upande wa Evelina

Apa kwanza. Ramba kidole, gusa ardhi, sema mizimu ya kwenu ikuone siku utakapolitoa hili nje.

Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyohivyo mbele ya Winnie, mwenye kisa chenyewe, na neno lake nikalishika vizuri kabisa, tangu pale kwake mpaka nilipofika kwa muuza mkaa. Wewe usiniige. Mimi mizimu imenizoea.

Jioni ile nilikwenda kuokota vibanzi. Jua lilikuwa linazamia upande wa ziwa na jikoni kwangu sina hata kijiti cha kuwashia. Kwa Luhaga walikuwa wanakata mikaratusi, na penye mkata miti mwanamke mwenye akili hanunui kuni.

Mikaratusi ile iko nyuma ya Mkolani, kwenye mteremko. Aliyeipanda ni Evelina, mke wa kwanza wa Luhaga, marehemu sasa. Aliipanda kama mtu anayepanda mchicha. Watu walimwambia aiachie nafasi, akajibu kwamba miti nayo inapenda jirani. Imekua imebanana, vichwa vimeshikana huko juu, mpaka hata saa sita mchana chini kuna giza. Na kaburi lake liko pembeni hapohapo, alitaka mwenyewe.

Sasa kukata mti penye msongamano si kazi ya kila mwenye msumeno. Luhaga anaijua. Haanzi kutazama chini, anatazama juu: mti unaegemea wapi, umeshikana na nani. Anafyeka njia mbili za kukimbilia, mshazari kwa nyuma. Anakata mdomo, yaani mkato wa kabari, upande wenye pengo, ndiko mti uangukie, halafu anauzunguka anakata mgongoni, anabakiza ubavu mwembamba katikati uuongoze kama bawaba ya mlango. Na kuna jambo analolishika kuliko yote. Mti ukinasa kwa mwenzake, hakuna kupita chini yake. Hata kuku wako akipita, muage.

Huku kwetu kuna kitu kingine. Mkataji haanzi kukata kimya. Anaupiga mti kofi, anamtaja aliyeupanda, anamwomba. Kama mpandaji yu hai unamwomba akiwa kwenye kigoda chake anakunywa uji. Kama amekufa, unamwita hivyohivyo.

Luhaga alikuwa anapiga kofi, anasema taratibu, "Eve wangu, nipe huu."

Eve wangu.

Na Winnie, mke aliye hai, kasimama pale na chupa ya chai. Yeye jina lake kwa mumewe ni wewe. Wewe, lete maji. Wewe, mundu uko wapi. Miti yenyewe ilikuwa ya kujengea jiko lake, lakini kila nguzo ilibidi iombwe kwa mwenzake aliye chini ya udongo. Nilimwona anavyomeza mate. Nikamsogelea nikamwambia, kwa nia njema tu, kwamba Evelina aliitwa hivyo hata mbele ya mama mkwe. Nilitaka nione uso utakuwaje.

Uso ukawa hauna kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Basi jioni ile nimeinama na vibanzi vyangu. Luhaga alishapiga kofi lake, alishaomba. Msumeno ukanguruma, ukanyamaza. Mti ukalia.

Kwaa...

Elias, mwenzake wa kazi, akarudi nyuma. Sote tukatazama kwenye pengo. Mti ukaanza kwenda vizuri, kama ulivyoelekezwa. Halafu ukasimama njiani, kama mtu aliyeitwa.

Ukageuka.

Polepole. Ukaliacha pengo, ukaja kuegemea upande wa kaburi, ukanasa kwenye vichwa vya wenzake. Luhaga alikwisha kukimbilia njia yake. Tawi la unene wa paja likashuka pale pale alipokuwa amesimama.

Ndipo ikaja harufu. Si ya karatusi, hiyo ningeijua. Samli. Samli iliyoanza kuchacha, ile aliyokuwa akiletewa Evelina na mama yake kutoka Magu, akajipaka kichwani mpaka kitambaa kinalowa.

Elias akanisogelea. "Bibi," akanong'ona, "unasikia harufu?"

"Sisikii kitu," nikamwambia. Vibanzi nikaviacha.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na neno moja, na sisemi nani alilisambaza. Marehemu ana wivu. Hataki nguzo zake zimjengee mwenzake jiko. Wengine wakasema Luhaga auze msitu wote, wengine wakasema amchinjie mbuzi. Mti ulionasa huku kwetu hauvutwi na mtu mmoja, kila nyumba inatoa mkono wake kwenye kamba. Kwa hiyo jioni, watu walipotoka kazini, tukakusanyika. Elias akalivisha shina kitanzi cha kamba kwa ufito mrefu wenye panda, akiwa pembeni, mbali. Tukajipanga kwenye kamba. Tukavuta.

Haukutikisika.

Tukavuta tena. Shina likasogea kidogo, likarudishwa. Usiniulize na nani. Ukiwa umeshika kamba unajua kabisa: upande wa pili kuna mtu.

Luhaga akaiachia kamba. Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Naenda kumwomba karibu," akasema.

"Kaka, usipite chini," Elias akamwambia.

Luhaga akaanza kutembea kuelekea chini ya ule mti. Yeye, ambaye amewahi kumpiga mtu kibao kwa kosa hilohilo. Nikamsikia anaanza, sauti ya kubembeleza, "Eve wangu..."

Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Mimi watu wakitazama mbele huwa nahesabu nani hayupo. Winnie hayupo. Waliniambia ameshuka ziwani kufua. Kufua, na giza linaingia?

Nikaizunguka miti kwa nyuma, na fimbo yangu. Kuna kichuguu kule, kikubwa kama kibanda. Nikasikia mtu anahema. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nikachungulia.

Winnie.

Amepiga magoti, kafunga kanga kiunoni, meno yake yako kwenye fundo la kamba. Kamba ya nailoni, ya buluu, ile ya nyavu. Huku chini imefungwa kwenye kisiki. Kule juu imepita matawini, imefichwa na majani, imeingia kwenye kichwa cha ule mti. Nikaelewa mara moja. Huyu ni binti wa wavuvi wa Mara. Alifunga jiwe kwenye kamba akaitupa juu kama mshipi, kabla mumewe hajaanza kukata, na mti ulipoanguka ukavutwa ukageuka.

Nikamshika kifundo cha mkono.

Hakukimbia. "Bibi, nisaidie kufungua," akanong'ona. "Anapita chini. Nisaidie."

Nisaidie nini? Nikaita. Kuita najua. Nikawaita kwa majina, nyumba hadi nyumba, na Luhaga akasikia, akageuka kabla hajafika chini ya mti. Wakaja wote na tochi za simu. Wakammulika Winnie na kamba imezunguka viganja vyake, nyuzi za buluu bado ziko mdomoni.

Hakuna aliyempiga. Kila mtu alikuwa anamngoja Luhaga. Naye akachuchumaa mbele yake.

"Wewe," akasema. "Ulitaka nife?"

"Nilitaka umwogope," Winnie akasema. "Ukimwogopa hutamwita."

Luhaga akainamisha kichwa. Watu wakaanza kuguna, wengine kuchekacheka kwa ahueni. Kumbe ni wivu wa kawaida, wivu wa mtu anayekula na kulala. Nami nikataka nimalize habari yangu vizuri, nikamuuliza, "Na ile samli uliitoa wapi?"

Akanitazama. "Samli gani, bibi?"

Hakuwa anadanganya. Uongo naujua, nimeutumia sana.

Elias akamwambia kila mtu arudi nyuma, mti utashuka. Akaikata kamba kwa panga pale kwenye kisiki. Kipande kimoja kikabaki mkononi mwa Winnie. Kingine kikakwea juu kama nyoka, kikapita matawini, kikaanguka.

Tukangoja.

Hakukuwa na upepo. Ziwa lenyewe lilikuwa limenyamaza. Kamba haipo tena, na tochi zote zilikuwa juu, kila mtu aliona.

Mti haukushuka. Ulijiinua kidogo... kama mtu aliyekaa vibaya anapojiweka sawa.

Luhaga akasimama. Nikaona midomo yake inafunguka, nikajua jina linalokuja. Na Winnie, mbele ya mtaa mzima, akaruka na kamba yake mkononi, akamziba mdomo mumewe kwa viganja vyote viwili.

"Usimwite," akasema. Macho yake hayakuwa kwa mumewe, yalikuwa juu. "Mume wangu, usimwite tena."