Bawa la Kubandika

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Syntiche hufagia darasa lao katika mtaa wa Kamalondo huku akiimba. Asubuhi hiyo hakuimba. Alifagia kona ileile tena na tena, macho kwenye sanduku la kioo juu ya meza ya mwalimu.

Ndani mlikuwa na nondo wa kijivu aliyekaushwa. Mwalimu Claudine aliwaeleza kwamba viumbe hupangwa kwa jamaa, na jamaa ndogo huitwa jenasi. Jenasi nyingi zina spishi kadhaa. Ya nondo huyu ina moja tu. Hana ndugu, maskini! Darasa zima lilimhurumia.

Jana, akipangusa vumbi, Syntiche alimvunja bawa. Kwa hofu akaokota nondo mwingine aliyekufa chini ya taa, akanyofoa bawa lake, akalibandika kwa bukari, ule ugali waliozoea kugundishia karatasi za daftari. Likashika vizuri mno.

Mwalimu aliingia mbiombio, uso umejaa furaha. "Batoto! Jana jioni niliona bawa moja iko na madoa. Pengine huyu iko spishi ingine, ndugu ya ile moja! Nimeshaita Profesa Edmond, mujuzi wa badudu, iko mu njia."

Watoto wakapiga makofi.

"Nyamaza tu," alinong'ona Hénoc, jirani yake wa dawati, aliyemwona akibandika. "Nani atayua?"

Profesa atajua, Syntiche aliwaza, na Mwalimu atachekwa mbele yetu sote. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Pikipiki iliponguruma uani, akashindwa kuvumilia.

"Madame, ni miye njo nilivunja bawa. Nilibandika ingine na bukari. Unisamehe."

Mwalimu alifungua sanduku, akaligusa bawa. Likadondoka. Alikasirika, wala hakuficha. Kisha akatoka kumlaki mgeni, akamweleza yote mwenyewe. Profesa alicheka, na Mwalimu naye akajikuta anacheka.

Aliporudi, alimwita Syntiche mbele.

"Kuvunja, ile iko ajali, mutoto wangu. Ningekusamehe jana ileile. Lakini kwa kuficha, ungenifanya miye niambie bantu uongo, na miye nikizani nasema kweli. Nondo ya mabawa tatu inaweza kutufundisha. Ile ya kubandika ilikuwa inatudanganya sisi bote."