Waya za Paa la Darasa la Sita

Kila asubuhi Kijiti alifagia varanda ya darasa lao kabla ya kengele. Leo alifagia vipande vya mabati. Dhoruba ilikuwa imeng'oa paa zima, na mlinzi wa shule alivunjika mguu.

"Fagia vizuri, binti wa fundi feki!" alisema Kiranja wa darasa. Wenzake wakaangua kicheko.

Baba yake Kijiti ndiye aliyeezeka paa lile. Sasa alisimama ukutani kama mshtakiwa, kofia mkononi.

"Hutashika nyundo tena mji huu," mwalimu mkuu alimkaripia.

Mhandisi aliyekuja kukagua, mama mmoja asiyetabasamu, alikuwa juu ya ngazi. "Fundi, mbao ulizifunga na nini?"

"Na waya zinazotoka kwenye zege la juu ya ukuta, mama. Kila ubao."

"Za nyuma zimekatika kwa dhoruba, ncha bado zinang'aa. Za huku varandani zina kutu. Zilikatwa zamani. Upepo ulianza kuinua paa hapa."

"Basi alizikata mwenyewe!" mwalimu mkuu alifoka.

Kijiti alizijua waya zile. Muhula wa kwanza darasa zima walipanda madawati, wakazipindapinda mpaka zikakatika, wakatengeneza magari ya kuchezea. Lake lilikuwa chini ya kitanda. Kiranja alimkazia macho, akapitisha kidole shingoni.

Mungu wangu, nipe mdomo, aliomba kimoyomoyo.

"Shikamoo, mama. Tulizikata sisi, tukatengeneza magari. Na mimi pia."

"Msaliti!" mtu alizomea.

"Kimya! Leteni hayo magari," mhandisi aliamuru.

Yakaletwa. La mwisho lilikuwa la Kiranja, lori zima na tela lake. Mhandisi alilinganisha waya zake na vipande vya ukutani. "Ndizo hizi. Lakini fundi, nawe usijitoe lawamani. Ncha unaziachaje mkono wa mtoto unapofika?"

"Nimekosa, mama. Nitaezeka upya, nifunge kwa mabamba ya chuma."

Mwalimu mkuu alimgeukia fundi. "Haya, utaezeka wewe. Na hawa watakubebea mbao."

Siku ile hakuna mwanafunzi aliyemsemesha Kijiti. Mhandisi alimkuta akifagia peke yake.

"Wamekununia, binti yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Waache wanune. Mimi huuliza kuta, lakini kuta hazisemi yote. Ungenyamaza, tungemfukuza baba yako, na ninyi mngekata waya za paa jipya. Safari hiyo lingeng'oka mkiwa ndani. Ukweli wako umewauma leo, lakini ndio utakaowalinda."

Kiranja alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alichukua ufagio wa pili.