Malkia Aliyelelewa na Vibarua

Kila asubuhi Baba Pacha aliranda mbao, na mkewe, Mama Pacha, akafagia maranda mpaka nyuma ya karakana, ulipokuwa mzinga wao. Walikuwa na huo mmoja tu. Zamani nyuki walipishana mlangoni kama watu wa sokoni. Tangu mavuno ya karibuni, walikuwa wachache.

Siku moja Baba Pacha alipuliza moshi, akaufungua mzinga.

"Mama wee! Masega yameota majipu!"

Vijumba kama maganda ya karanga vilining'inia kwenye sega.

"Huu ugonjwa. Nipe kisu nivikwangue."

Mama Pacha alichungulia. Mbona nyuki wamevikumbatia hivyo?

"Ngoja nimwite wifi."

"Dada yangu? Atanicheka mwaka mzima!"

"Na acheke."

Wifi alifuga nyuki, nyumba ya pili tu. Alikuja mbio, kofia ya wavu mkononi.

"Kaka, weka kisu chini! Mlipovuna, hukuona nyuki mmoja mwenye tumbo refu?"

"Nilimponda. Alikuwa anakula bure, kazi hafanyi."

Wifi alishika kiuno. "Umemponda malkia! Mayai ya nyumba nzima anataga yeye. Hawa nyuki vibarua wote ni watoto wake."

Mama Pacha alishika kichwa. "Basi ndiyo tumekwisha, wifi?"

"Bado! Vibarua wamechagua mabuu machanga, ya kawaida kabisa. Wameyajengea vijumba hivi, wanayalisha maziwa yao mazito mpaka yawe malkia. Atakayewahi kutoka atawaua wenzake. Ataruka nje, akutane na madume hukohuko angani, kisha arudi kutaga. Ukivikwangua, hakuna buu lingine changa. Mzinga utakufa."

"Kumbe umalkia ni chakula!" Mama Pacha aliruka. "Baba Pacha, umesikia? Nilishe!"

Hata mumewe alicheka. Wakaufunga mzinga taratibu.

Wiki zikapita, Mama Pacha roho juu. Hatimaye wifi alifungua, akainua sega juani.

"Njooni! Tazameni ndani ya vitundu!"

Kila kitundu kilikuwa na yai jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, limesimama wima.

"Ametaga!" Mama Pacha alipiga kigelegele. "Katagaa!"

Mavuno yaliyofuata, wifi akipuliza moshi, Baba Pacha alikagua kila sega kabla ya kulikata. Ghafla akaganda. Nyuki wa tumbo refu alikuwa akitembea juu ya asali. Alilirudisha sega polepole, akainamisha kichwa.

"Pita ndani, mama mkwe. Hili hatulikati."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini.