Lenzi ya Plasi Kumi

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilichelewa kwa saa tano na hakuna aliyeshangaa. Stesheni ya Tabora ilijaa magunia, ndoo za asali na watu waliokuwa wakigombania kivuli. Recheli Masolwa alipita katikati yao kama mtu anayevuka tope. Alivaa gauni la kitani la rangi ya krimu, viatu vyeupe vya kisigino kifupi na miwani ya fremu nyekundu iliyomfanya aonekane ana hasira hata siku asizokuwa nayo. Siku hiyo alikuwa nayo. Alikuja kuchukua sanduku la fremu za duka la miwani alikofanya kazi, na mchukuzi hakuonekana.

Hapo ndipo alipokanyaga mkono wa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa jukwaa, jicho kwenye kamera, kamera imeelekezwa kwenye dimbwi la mafuta katikati ya reli. Alivaa koti lenye mifuko mingi, suruali iliyochujuka magotini na katambuga za tairi.

"Umelewa au unaumwa?" Recheli akamuuliza.

"Napiga picha, dada," alijibu akipuliza vidole.

"Picha ya mafuta machafu?"

"Ya rangi zake."

Recheli aliinama akaitazama kamera. Mbele yake kulikuwa na kipande cha bomba la plastiki kilichozungushiwa seltepu nyeusi, na ndani yake kioo.

"Hiyo ni lenzi ya projekta ya slaidi," alisema. "Umeibandika kwa bomba la choo."

"La maji. Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Mimi nawasaidia watu waone vizuri. Wewe naona unafanya kinyume."

Alimruka, akaenda zake. Yule kijana alibaki ameketi sakafuni akicheka peke yake.

Kornel Adriano hakuzaliwa mpuuzi. Kwa miaka sita alipiga picha za harusi mjini Tabora, mpaka akazichoka kama mgonjwa anavyochoka uji wa hospitali. Kila bibi harusi mkono kifuani kwa bwana harusi. Kila bwana harusi akiitazama saa ya kuazima. Kila kamati ikimsisitiza, "Tutoe weupe kidogo." Ndipo alipoanza kung'oa lenzi kwenye vitu vilivyokufa: projekta, darubini, mashine ya fotokopi ya parokia. Akazifunga kwenye kamera na kupiga moshi, kutu, mabati, vumbi la barabara. Kilichotoka hakikuwa na pua wala masikio. Ndugu zake wakaanza kumwombea.

Jumatatu alitokea dukani.

"Shikamoo, daktari."

"Mimi si daktari na wewe si mtoto. Unataka nini?"

"Lenzi mnazotupa."

Recheli alifungua droo akatoa kioo kinene kama kitako cha glasi. "Nguvu yake ni plasi kumi. Zamani mtu akitolewa mtoto wa jicho alivalishwa hizi. Siku hizi wanawekewa kioo humo humo ndani ya jicho. Haina mwenyewe, itakufaa."

Kornel alikishika kioo mbele ya kamera, akaielekeza mlangoni, ambako Recheli alikwenda kusimama amefumbata mikono, gauni la njano, jua nyuma yake.

"Usinipige!"

"Nimeshakupiga."

Mchana wa siku ya pili simu ya Recheli iliita.

"Umekula, mtaalamu?"

"Nani kakupa namba yangu?"

"Imeandikwa mlangoni kwenu, kwa herufi kubwa kuliko zile za kupimia macho."

Alikata. Akakaa karibu na ile simu mpaka ikaita tena.

Mwezi wa pili wa kujuana kwao ulipoingia, Kornel alikuwa akimwita mboni yangu, naye akimwita wewe kiumbe, kwa sauti ambayo wasichana wa dukani walianza kuiiga. Jumamosi moja walikwenda Kwihara kwa pikipiki, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya makumbusho ya zama za misafara. Kornel aliupiga picha mlango wake wa nakshi kwa lenzi ya fotokopi. Recheli akatazama kwenye kioo cha kamera.

"Watu wanapanda ndege kuja kuutazama mlango huu. Wewe umeugeuza uji wa ulezi."

"Mtamu lakini?"

"Umeungua."

Hata hivyo aliegemea bega lake kutazama tena, na hakuondoka hapo. Kornel alimbusu shavu. Recheli alijifuta, kisha akamgeuzia shavu la pili.

Mambo yaliharibika Jumapili, kwenye ukumbi wa parokia, ambako paroko alimruhusu Kornel atundike picha zake. Mji ulikuja kucheka, na ulikuja umevaa. Mbele kabisa alikuwa Ezekia, mwenye studio kubwa ya harusi, suti ya bluu iliyombana kama soseji, viatu vyenye ncha. Kwa muda mrefu Ezekia alikuwa akimtaka Recheli, na alikuwa mtu wa kuamini kwamba akikitaka kitu basi ni chake.

Recheli aliingia na wenzake wa dukani akajikuta mbele ya picha kubwa: doa refu la njano likiyeyuka ndani ya mwanga. Chini yake kikaratasi: *Recheli, saa nne asubuhi.*

"Huyu ndiye wewe?" Ezekia alipaza sauti. "Mtoto wa watu kageuzwa embe bovu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenzake mmoja akamuuliza, "Shoga, kwani huyu mpiga picha ni nani wako?"

Recheli alihisi masikio yanaungua. Alidhani Kornel amemwanika makusudi, amlipize kwa ule uji wa ulezi. Alitafuta pa kujificha, akapaona kwenye kicheko cha wengine.

"Wangu? Simjui vizuri. Ni mpuuzi mmoja huja dukani kuokota vioo vibovu."

Kornel alikuwa nyuma yake na trei ya soda.

Aliweka trei chini, akaitoa picha ukutani, akaifunga kwa gazeti, akampa mikononi. "Chukua kioo chako kibovu," alisema, akatoka.

Kesho yake Recheli alipiga simu mara tisa. Mara tisa akaambiwa na sauti ya mwanamke asiyejali kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa. Katika wiki hiyo akasikia kwamba Kornel amehamia Urambo kwa dada yake. Vizuri, alijiambia, akae huko na tumbaku. Picha aliitupa nyuma ya kabati sebuleni, akaendelea kulala vibaya.

Aliyeitoa huko alikuwa baba yake. Mzee Eliya alikuwa mjane, mstaafu wa reli, miaka arobaini akishika ishara za treni, na alidharau karibu kila kitu kilichokuja baada ya yeye kustaafu. Miwani aliiona ni pambo la makarani. Recheli aliwapima macho nusu ya mji, lakini baba yake alikuwa amemkatalia mara nyingi mpaka akaacha kumwomba.

Jioni ile alimkuta ameishika picha karibu na pua, kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kapiga hii?"

"Mpuuzi mmoja, baba. Eti ni mimi."

"Ni wewe," alisema mzee. "Ndivyo unavyoingia pale mlangoni kila siku. Inatangulia rangi, halafu sauti."

Recheli alikaa chini taratibu. Ghafla akaelewa kwa nini mzee huuliza nani kagonga hata pazia likiwa wazi, kwa nini gazeti halifungui tena.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na mimi niko hapa hapa, na tochi ya kupimia kwenye mkoba!"

"Ndiyo maana nilikaa kimya. Watu waseme mpima macho baba yake haoni? Nikuaibishe?"

Alimmulika macho papo hapo. Mtoto wa jicho, mweupe, yote mawili. Lakini mzee hakutaka kusikia habari za kisu. Alibishana naye siku tatu, na siku ya nne mzee akatoa sharti.

"Mlete huyo kijana. Nataka kumuuliza amejuaje. Bila hivyo siendi kokote."

Recheli alipanda basi la asubuhi kwenda Urambo akiwa amevaa kitenge cha kawaida na ndala. Alimkuta Kornel kwenye uwanja wa chama cha wakulima, akiwapiga wakulima wa tumbaku picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe. Kila sikio lilionekana.

"Kumbe wajua kupiga picha," Recheli alisema, akajuta papo hapo.

"Umesafiri kuja kunitukana? Ungetuma ujumbe."

"Simu umezima."

"Nimewasha. Namba yako ndiyo nimeizima."

Wakulima kwenye foleni walitulia kusikiliza. Recheli alivua miwani, akaifuta na pembe ya kitenge, akaivaa tena.

"Nilikukana, Kornel. Nilidhani umenidhihaki, lakini hata ungekuwa umenidhihaki, sikupaswa kukukana. Niliogopa kuchekwa na watu ambao hata siwaheshimu. Nisamehe, au usinisamehe. Ila baba yangu anapofuka, na amekataa matibabu mpaka akuone."

"Kwa hiyo leo picha zangu zimekuwa dawa."

"Leo nakuomba. Ndilo ninaloweza."

Kornel alivuta kiti kando ya shuka. "Keti," alisema. "Wamebaki kumi na wanne."

Saa kumi jioni walikuwa sebuleni kwa Mzee Eliya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umejuaje ninavyoona?"

"Sikujua, mzee. Nilitumia kioo alichonipa binti yako. Mwanga ulikuwa mwingi, yeye alikuwa katikati, nikaona ni pazuri."

"Pazuri?" Mzee alicheka kwa dharau. "Nenda kaishi humo."

"Mimi nikichoka, naitoa lenzi. Wewe yako huwezi kuitoa mpaka waitoe wao. Nenda, mzee."

Mzee aliipapasa kola ya shati lake. Kisha akamwambia Recheli amtafutie shati safi la kwendea hospitali.

Walimpasua jicho la kulia Jumatano. Alhamisi walipofungua bandeji, alimtazama binti yake kwanza.

"Umekonda. Na hizo nywele nani kakudanganya?" Recheli alikuwa akilia na kucheka. Mzee akamgeukia Kornel. "Nilidhani u mrefu." Kisha akaitaka picha. Aliigeuza juu chini, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Takataka," alisema. "Haina kitu."

"Baba!" Recheli alisimama. "Hiyo ndiyo imekuleta hapa. Na kama huoni uzuri wake, basi madaktari hawajamaliza kazi!"

Kornel alitoka kwenda barazani ili asionekane anatabasamu. Recheli alimfuata, simu sikioni, akabonyeza sauti kubwa.

"Ezekia? Recheli hapa. Nataka mpiga picha wa harusi."

"Hatimaye! Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Na bwana harusi?"

"Kornel. Yule mpuuzi. Mkumbuke vizuri, maana ni wangu, na ukumbi mzima uliokuwepo siku ile nitaualika uje unisikie nikisema hivyo. Zipige zote ziwe wazi, Ezekia. Kila pua."

Akakata. Kornel alikuwa ameegemea nguzo, mikono mfukoni.

"Mimi sijaposa."

"Unasubiri nini?"

"Baba yako kaniita takataka."

"Kaiita picha."

Kornel alifikiri, akamshika mkono. "Nitatuma mshenga Jumapili," alisema. "Lakini Ezekia simtaki."

"Atakuja," alisema Recheli. "Na tutamwambia atutoe weupe kidogo."