Kisu yenye haikupashwa kunyamaza

Kisu ilikuwa inalia vibaya. Octave aliikunjua, krrr. Akaikunja, ta. Akarudilia mara tatu, na kila mara ni vile: krrr, ta.

"Unoe tu," Cyprien alisema. Alikuwa amesimama ku mulango ya kibanda ya kazi yenye ilishikana na nyumba ya Octave, bunduki ku bega, majani ku kichwa, sawa bale baasi bengine benye balikamata muji ya Uvira mu mwezi wa tano. "Makelele, uiache."

"Kamaradi, ni buchafu tu iko mu kiungo. Kazi ya dakika kumi."

"Fundi, masikio yako iko wazi? Noa. Nitakuya nyuma ya siku tatu."

Akaenda. Octave akanoa.

Shida ni kwamba Octave hakukuwa mutu wa kuacha kitu inalia. Pale mutaa ya Mulongwe alitengeneza kinga za magurudumu mbili, taa na makufuli, na batu balimucheka juu alishaenda kupaka mafuta mulango ya jirani bila kuitwa. Akaangalia ile kisu. Akaikunjua tena, krrr. Akachukua nyundo na musumari, akatosha pini, kisu ikalala ku meza vipande vitatu.

Mu kiungo mulikuwa buchafu nyeusi, imekauka sawa kutu, inanuka nyama. Akafikiri balichinja mbuzi nayo. Akasafisha na petroli, akapiga burosi, akamwanga buchafu inje. Akatia tone moja ya mafuta ya mashini ya kushona, akarudisha pini.

Kisu ikakunjuka sawa mutu anafungua jicho. Hakuna sauti. Akafurahi kidogo.

Ile saa ya midi, jua katikati ya kichwa, mulango ya nyumba yake ikalia. Krrr, ta.

"Fundi ya Uvira muzima," bibi yake wa ndoa, Libérate, alisema, "na mulango yake inalia sawa mbuzi!"

Octave akaipaka mafuta, ikanyamaza. Kiti njo ikaanza. Akagonga kiti, ikanyamaza. Libérate akachuchuma ku mbabula ya makala kugeuza samaki ndagala, na goti yake ikafanya krrr, akasimama, ta. Mara ya kwanza alicheka.

Kesho yake, midi tena, jua kali, batoto ba jirani banapiga kelele ku muto, mutoto wabo Inamahoro alikuwa amelala ku kitanda. Alikuwa na miezi sita. Octave alikuwa anakula. Akasikia krrr, akangojea, akasikia ta, akaangalia mulango, akaangalia kiti, akaangalia goti ya bibi yake, na yote ilikuwa imetulia, na harufu ya kutu na petroli ilikuwa inatoka kule ku kitanda, na kila mara mutoto alipovuta pumzi ilikuwa krrr, na alipoiachilia, ta.

Libérate akamushika mukono. Akasema pole pole, "Baba Inamahoro. Iyo sauti minye naijua."

"Ni ya nini?"

"Ya mwalimu Onesphore, wa Kasenga. Zamani alianguka na kinga, taya yake ikaharibika. Akifungua kinywa, krrr. Akifunga, ta. Mu darasa tulikuwa tunamuiga. Nilipigwa fimbo juu ya iyo."

Mwalimu Onesphore, bale ba majani ku kichwa balimukamata mu mwezi wa tano, juu alikuwa na kravati, alama ya mutu wa masomo. Hakuna mutu alimuona tena.

Octave akaangalia kisu ku meza. Hakusikia woga, hakusikia huruma. Aliona tu kwamba ile kazi aliifanya muzuri.

Libérate akakimbia mpaka mutaa ya Kimanga kuita Mama Capitoline, muuza ndagala. Batu balikuwa banamwendea kwa kujificha juu ya mambo ya majini na mizimu, hata bale benye banakomunika ku misa siku ya yenga. Akaingia na kitunga yake ku kichwa, akatega sikio ku kifua ya mutoto, akauliza:

"Ulitosha nini mu ile kisu?"

"Buchafu."

"Buchafu! Mutu amechinjwa, pumzi yake ya mwisho imejifungia mu kiungo ya kisu, imepata nyumba. Na weye unapiga nyumba ya mutu burosi. Irudishe."

"Nilifagia," Libérate alisema. "Nikatupa mu muto."

"Basi iko mu ziwa." Capitoline akaweka kitunga chini. "Magaribi ikifika, ile pumzi itabakia mu uyu mutoto. Na mutoto atanyamaza muzuri, fundi. Sawa kisu yako."

Libérate akaanza kulia bila sauti.

"Dawa iko?" Octave aliuliza.

"Unajua vile bamama banavuta mafua mu pua ya mutoto na kinywa? Vile vile. Lakini usiteme. Umeze."

"Nitavuta minye," Libérate alisema.

"Hapana, mama. Ni mikono ya bwana yako njo ilimufukuza ule mutu."

Octave akainama, akaweka kinywa ku pua ya mutoto, akavuta, na kwanza ikakuya hewa tu, kisha baridi sawa chuma yenye imelala inje, kisha ladha ya kutu na petroli na nyama, akataka kutema, akaangalia midomo ya mutoto yenye ilikuwa inaanza kuwa buluu, akameza, ikapita pole pole sawa kitu yenye iko na makucha, ikafika ku shingo, ikarudi juu, ikakaa.

Mutoto akapiga chafya. Akalia. Libérate akamupa ziwa, akanyonya, na pumzi yake ilikuwa pumzi ya mutoto tu.

Octave akafungua kinywa aseme asante. Krrr. Akafunga. Ta.

"Sasa uko na mupangaji," Capitoline alisema, akabeba kitunga yake.

Siku ya tatu Cyprien akakuya. Akachukua kisu, akaikunjua. Akaikunja. Akaikunjua tena, akaikunja karibu na sikio.

"Fundi. Nilikuambia nini?"

Octave akafungua kinywa aombe pardon. Krrr. Ta.

Kisu ikaanguka ku meza. Cyprien akatosha majani ku kichwa, akaishika na mikono mbili, sawa mwanafunzi anakamata kofia.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Mwalimu, njo bakubwa balinituma."

Octave alitaka kumuambia, minye ni Octave. Lakini mukono yake ilikuwa imeshachukua kisu, na hakuisikia ile mukono, hata kidogo. Nyuma ya rido ya kitambaa Inamahoro alikuwa amelala, anapumua muzuri.

Kidole gumba ya ile mukono ikasukuma. Kisu ikakunjuka.

Haikulia.