Kanga ya Naramat Yenye Doa la Uji

Haya, nani ana masikio? Sote! Yasogezeni hapa, maana kisa hiki kina minong'ono.

Kulikuwa na msichana aliyeitwa Naramat. Alikuwa na miaka sita, na aliishi Arusha na Mama na Baba.

Mama yake alikuwa mbunifu wa mavazi. Alishona nguo ambazo hujawahi kuziona popote.
Kacha! Kacha! ulisema mkasi.
Trrr! Trrr! ilisema cherehani.

Mama alitoka Pangani, kule pwani, kwenye kanga za rangi rangi. Baba alikuwa Mmasai wa Longido, kwenye mashuka mekundu. Basi Mama alichukua kanga, akachukua shuka, akaviunganisha vikawa gauni moja.

"Heee! Mama Naramat, hii umeitoa wapi?" watu walimuuliza.
"Nyumbani kwangu," alijibu Mama.

Naramat naye alikuwa na kanga yake, ya manjano, yenye picha za korosho. Alipewa na Bibi Riziki, mama yake Mama.

Mnajua kanga huuzwa mbili mbili? Eh, mapacha kabisa! Moja Bibi alimpa Naramat. Ya pili alibaki nayo mwenyewe, Pangani.

Kila usiku Naramat alijifunika kanga yake. Bila kanga, usingizi haukuja. Na pembeni ilikuwa na doa dogo la uji. Naramat alilipenda sana doa lake.

Basi wiki moja, mambo yakaanza.

Jumatatu, Mama alikuwa anaongea na simu. Alinong'ona, "Shhh! Naramat asijue."
Naramat alikuwa nyuma ya mlango.

"Mh! Hapa pana jambo," akasema Naramat.
"Nina macho, nina masikio!"

Jumanne, Mama akachukua futi yake ya kupimia. "Simama wima," akasema. Akampima mabega. Akampima kiuno.
"Kwa nini unanipima?"
"Basi tu."

Basi tu! Nyie, mtu mzima akisema "basi tu", mnamwamini? Naramat hakumwamini hata kidogo.

"Mh! Hapa pana jambo," akasema Naramat.
"Nina macho, nina masikio!"

Jumatano, Baba aliingia na kifurushi. Alikificha nyuma ya mgongo, akatembea kinyumenyume mpaka chumba cha kushonea.
"Baba, umebeba nini?"
"Mimi? Sijabeba kitu!" akasema Baba, huku kifurushi kinamdondoka.

Halafu Mama akauliza, "Naramat, kanga yako iko wapi?"
Moyo wa Naramat ukafanya pu! pu! pu!
"Kwa nini unaiuliza?"
"Basi tu, mwanangu."

Naramat akawaza. Mwezi uliopita, Mama alikata pazia la sebuleni. Likawa sketi! Kabla ya hapo, alikata kitambaa cha meza. Kikawa kofia!

"Mama anataka kukata kanga yangu," akasema Naramat. Alitamani kulia, lakini hakulia. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Aifiche wapi? Chini ya kitanda? Hapana, Mama hufagia.
Kabatini? Hapana, Mama hufungua.

Naramat akaona kapu kubwa la vitambaa. Lilijaa kanga, lilijaa mashuka.
"Nani ataiona kanga yangu kati ya kanga nyingi hivi?" Akaisukuma ndani, ndaaani kabisa.

Jamani, Naramat! Kapu la vitambaa vya kukatwa! Lakini nani angemwambia? Hakuna aliyejua.

Usiku ule Naramat alijifunika shuka jekundu alilopewa na Koko. Koko ndiye mama yake Baba. Wamasai humwita bibi "koko". Shuka lilikuwa la joto, lakini usingizi ulichelewa.

Alhamisi, Naramat alirudi kutoka shule mbio mbio. Akapiga magoti mbele ya kapu. Akavuta hii, akavuta ile. Akaiona kanga ya manjano yenye korosho!
"Umepona, kanga yangu!"

Akainusa. Mh? Ilinukia udi. Kanga yake ilinukia kitanda.
Akatafuta doa la uji. Pembe hii, hakuna. Pembe ile, hakuna.

"Hii siyo yangu," akasema Naramat taratibu.

Kacha! Kacha! ulisema mkasi kule chumba cha kushonea.

Naramat akakimbia. Mezani kulikuwa na vipande vya manjano. Kipande kimoja kilikuwa na doa dogo la uji.

"Mama! Umekata kanga yangu!"

Sasa Naramat alilia. Alilia kwa sauti mpaka mkasi ukanyamaza.

Mama akaangalia doa. Akaweka mkasi chini, akashika kichwa.
"Mungu wangu! Imeingiaje kapuni?"
"Niliificha," akasema Naramat. "Niliificha ili usiikate!"

Mama akakaa sakafuni, akampakata. "Bibi alinitumia kanga yake, ile pacha ya yako, kwenye kile kifurushi cha Baba, nikaiweka kapuni. Ndiyo niliyotaka kukata. Nilitaka kukushonea gauni kwa ajili ya maonyesho ya mavazi ya Jumamosi. Nikatia mkono kapuni, nikavuta korosho. Kumbe nimevuta ya kwako."

"Na kwa nini uliniuliza iko wapi?"
"Ili nisije nikazichanganya," akasema Mama, na macho yake yalikuwa na machozi pia.

"Kwa nini hukuniambia?"
"Nilitaka ushangae."
"Mimi sipendi kushangaa, Mama. Napenda kujua."

Mama akamfuta machozi. "Nisamehe, mwanangu. Siku nyingine nitakwambia."
"Na mimi nitakuuliza," akasema Naramat. "Lakini usinijibu basi tu."
"Sitasema basi tu."

Jumamosi, mabibi wote wawili walifika.
"Shikamoo, Bibi!"
"Marahaba, mjukuu wangu!" akasema Bibi Riziki.
Kwa Koko, Naramat aliinamisha kichwa, na Koko akamgusa utosini, kama Wamasai wanavyosalimiana na watoto.

Gauni lilikuwa tayari. Juu shuka jekundu, chini kanga ya manjano. Na mfukoni, mbele kabisa, palikuwa na doa dogo.

"Hili nini?" akauliza Koko.
"Uji," akasema Naramat.
Koko akacheka mpaka hereni zake zikalia cheche-cheche. Akatoa sindano na shanga. Akashona duara la shanga kulizunguka doa. Nyeupe, buluu, nyeupe, buluu.
"Sasa halitapotea," akasema Koko.

Ukumbini watu walikuwa wengi. Naramat alipita mbele yao, hatua kwa hatua.
"Huyu mtoto wa Pangani!" akasema mmoja.
"Acha wewe, huyu wa Longido!" akasema mwingine.

Naramat akasimama. Akaweka mkono kwenye doa lake.
"Mimi wa kwa Mama na Baba," akasema, "na huu ni uji wangu!"
Watu wakapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

Usiku, Bibi Riziki akamfunika kanga ile pacha.
Naramat akaikagua, pembe zote nne. "Haina doa."
"Litakuja," akasema Bibi. "Kesho asubuhi kuna uji."

Mama akaja kuzima taa. Naramat alikuwa bado amefungua jicho moja.
"Mama, mkasi uko wapi?"
"Kabatini."
"Kabati limefungwa?"
"Limefungwa."
"Na ufunguo?"

Mama akatabasamu. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Naramat.

Naramat akakunja vidole. Akafumba jicho lile la mwisho, na usingizi ukaja.