Kaseti ya Waya

Simu ilikuwa imezima, chaji imekwisha kabisa, lakini redio ya gari iliendelea kuimba.

Dereva aliitazama kwa macho mekundu. Teksi ilikuwa ya mjomba wake, kuukuu, redio yake ya kumeza kaseti tu. Ndiyo maana alinunua sokoni kile kikaseti cha bei ya kutupa, chenye waya wa kuchomeka kwenye simu. Alitaka muziki umfukuzie usingizi. Mjomba habari za kulala hakutaka kuzisikia. "Gari lenyewe halichoki," alikuwa akisema, "wewe uliyekaa kitini utachokaje?"

Kwenye kiti cha nyuma, mdogo wake, aliyempitia chuoni mchana ule, alikuwa amelala.

"We gogo, amka, tumefika."

Alipomtikisa, kichwa kilianguka upande. Gari lilinuka nywele zilizoungua. Na wimbo ule wa kubembeleza mtoto hakuwahi kuuweka kwenye simu yake. Akachomoa waya, wimbo ukaendelea. Akabonyeza kaseti itoke, redio ikaing'ang'ania. Akazima gari, akaukamata ufunguo mpaka ukamuuma kiganjani, na bado sauti ilibembeleza, taratibu, nzito kama ya mtu aliyejaza mate mdomoni, huku kifua cha mdogo wake kikipanda kwa shida kana kwamba kuna aliyekikalia.

Akamkimbilia jirani yao mganga. Mganga alikuja na chetezo; aliponusa harufu ile, akakiweka chini.

"Huyu jini hafukuziki," alinong'ona. "Anakula usingizi. Wa mdogo wako ukimwishia, na pumzi basi."

"Mwambie amwache!"

"Mwambie wewe. Kaseti uliiingiza wewe, mwenyeji wake ni wewe."

Dereva akainamia redio. Alikuwa amechoka hata kuogopa. "Mwache mdogo wangu. Chukua wangu. Wote."

Wimbo ukakatika. Kaseti ikatoka yenyewe, imelowa, kama ulimi.

Mdogo mtu akapiga chafya. "Dada, mbona mnanitolea macho? Nimeota pembe?"

Dereva akacheka huku analia.

Tangu hapo hakusinzia tena. Alilala chali, akafumba macho, akangoja. Uchovu ulikuwepo wote, umemjaa mifupani, ila pa kuutua hapakuwepo. Mwishowe akaenda kumweleza mjomba. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, mwanangu." Kisha uso ukamchangamka. "Kwa hiyo na zamu ya usiku utaiweza?"